Brashi Niliyomchagulia Mzee Wafula

Mpendwa binti yangu Wakesho,

Ile brashi ya kunyolea ndevu uliyonunua sokoni Kakamega, niliyokwambia uichukue, si nzuri. Nilijua si nzuri kabla hujafungua mkoba wako. Nimelitanguliza hilo kwa sababu nikianza na salamu nitaendelea na salamu mpaka karatasi iishe, kama nilivyofanya kwenye simu mara mbili.

Sasa nakusalimu. Natumaini masomo ya chuo cha Bukura yanaendelea, na kwamba ile homa imekwisha. Mimi ni mzima, mgongo tu ndio unaonikumbusha umri. Nakuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu huwa unaniambia "sawa baba, hakuna shida" kabla sijafika katikati ya neno. Karatasi haimkatizi mtu. Niliacha shule darasa la sita, na mkono wangu umezoea koleo kuliko kalamu, kwa hiyo nitakapokosea unisome polepole.

Unakumbuka chumba chetu cha Lurambi? Kulikuwa na mkebe mkubwa wa rangi nilioutoa kazini, mama yako akautumia kuwekea unga, wewe ukaufanya ngazi. Jumapili asubuhi nilikaa kwenye kigoda mlangoni penye mwanga, nawe ukapanda juu ya mkebe huo na brashi mkononi. Ulikuwa na miaka mitano. Mtu wa saruji hana ndevu kama za watu wengine. Vumbi hukaa kwenye mashina ya nywele, na ukipitisha wembe hivihivi unasikia kama unakwangua sufuria. Ndiyo maana sikuwahi kukoroga povu kwenye kikombe kama wanavyofanya wengine. Nililowesha uso, nikapitisha kipande cha sabuni shavuni, na brashi ikalitafuta povu papo hapo, usoni, ikizunguka mpaka nywele zisimame. Povu la kwanza lilitoka la kijivu. Tulilifuta kwa kitambaa. La pili ndilo lililokuwa jeupe, na hilo la pili lilikuwa lako. Hukuniruhusu hata kushika brashi.

Wala hukuwa ukiniita "wewe." Sijui adabu hiyo uliitoa wapi, labda kwa nyanya yako, mama wa mama yako, aliyezungumza hivyo na marehemu mumewe. "Baba afunge macho." "Baba asicheke, povu litaingia." "Baba atakunywa chai sasa ama baadaye?" Ulinisema mbele yangu kama mtu aliyesimama nje ya mlango akingoja kukaribishwa. Nilipojaa povu mpaka masikioni ulirudi nyuma, ukanitazama, ukamwambia mama yako, "Baba amekuwa babu." Mama yako alikuwa akipuliza jiko la makaa. Alicheka mpaka moshi ukampalia, na mimi niliyekatazwa kucheka nikala povu.

Ulipokuwa na miaka minane, mama yako alichoka. Sitamsema vibaya kwako. Nilikwenda Eldoret kwenye kazi ya mjengo nikisema ni miezi mitatu, ikawa mwaka mmoja na nusu. Sikuwahi kumpiga; lakini pia sikuwahi kuwepo. Niliporudi nilikuta chumba kimefagiwa, brashi yangu iko dirishani pale pale, na nyinyi mko kwao Likuyani. Baadaye nikasikia ameolewa na Mzee Wafula, mkulima wa mahindi aliyefiwa na mkewe. Hapa kazini wenzangu huniuliza mbona sirudi kwetu Taita, mtu wa umri wangu bado anabeba mawe ugenini. Mimi huwajibu kwamba nauli ni ghali. Ukweli ni kwamba kutoka Kakamega hadi Likuyani si mbali, na kutoka Taita ni mbali sana. Sijawahi kukwambia hilo.

Basi mwezi uliopita ukaniandikia ujumbe. Bado ninao: "Habari ya kazi baba. Jumamosi nakuja town. Nataka baba anunuliwe brashi mpya ya kunyolea, ile ingine imeisha nywele. Tutachagua pamoja?"

Mtu mwingine angeuliza, baba yupi? Mimi nilikuwa na sababu zangu za kutouliza. Uliponitembelea mwaka jana uliichukua brashi yangu dirishani, ukaigeuza, ukasema imebaki mkia wa panya. Na maneno yenyewe, "baba anunuliwe," yalikuwa ni yale yale ya kwenye mkebe wa rangi. Nikaona mtoto wangu amekua, amekwenda chuo, lakini bado ananisema kama mtu aliye nje ya mlango. Nilisoma ujumbe ule kazini, nikausoma tena nikiwa juu ya jukwaa la mbao, mpaka fundi akaniuliza kama nimefiwa.

Jumamosi ile niliomba ruhusa ya mapema. Nilioga pale pale kwenye mjengo kwa maji ya mapipa, nikavaa shati la kanisani. Ndevu niliziacha makusudi, za siku nne, ili brashi tuijaribu vizuri. Shikuku, yule kijana anayechanganya saruji, akaniona. "Mzee, hiyo shati ni ya halusi ya nani?" Nikamjibu kwamba binti yangu anasoma chuo na anakuja kuninunulia kitu. Nilisema kwa sauti ili hata waliokuwa juu ya ukuta wasikie. Walinipigia makofi kwa koleo na karai. Nimefanya kazi na watu hawa miaka mitatu bila wao kujua kwamba nina mtoto. Siku ile wote walijua.

Sitakueleza jinsi ulivyopendeza. Ulikuja na ile sketi ya kijani na ukaniamkia kwa mikono miwili kama mgeni anavyomwamkia mwenye nyumba. Tukaenda kwa Hamisi, yule mzee wa Mumias anayeuza vioo, nyembe na vitana. Ulimpa salaam, akaitikia yote mpaka mwisho, akafurahi. Ulipomwambia tunataka brashi akaweka tatu mezani. Ya kwanza ilikuwa nyeupe, laini kama manyoya ya kifaranga. Ya pili nyeusi, ya plastiki, imekaza. Ya tatu ilikuwa ya kahawia, ya nywele za farasi, mpini wa mti. Uliuliza kama hana zile za nywele za nguruwe, maana ulisikia zinasifiwa, na Hamisi akasema taratibu kwamba za mnyama yule atazipata kwa majirani, yeye mkono wake haufiki huko. Ukaomba radhi mpaka ukaona haya, naye akacheka, akasema mwanafunzi ni wa kufundishwa.

Kisha ukaniambia nikufundishe. Nilikufundisha, Wakesho. Nilikuonyesha kwamba ile laini sana hulala ikikutana na ndevu. Kwenye kikombe itatoa povu zuri, lakini usoni haina mgongo wa kuinua nywele. Nilikuonyesha kuibonyeza kiganjani uone kama inarudi yenyewe. Nilikuonyesha kuvuta nywele kidogo penye shina, na kushika mpini kwa mkono ulioloa, kwa sababu mpini unaong'aa dukani huteleza bafuni. Ulisikiliza kama uko darasani. Hamisi akatuletea maji kwenye kikombe cha bati na kipande cha sabuni, akasema brashi ni kama kiatu, mtu haichagui kwa macho.

Ukanikalisha kwenye kigoda chake. Ukanilowesha shavu. Nilifumba macho kabla hujaniambia.

Ulianza na ile laini, ukaiacha. Ukaja na ya farasi. Mwanangu, mkono wako haujasahau. Ulizungusha kutoka sikioni kushuka kidevuni, ukarudi, ukabonyeza kidogo pale chini ya mdomo panaponisumbua, na povu likaja zito, la kijivu. Ukalifuta, ukaanza la pili. Watu walipita sokoni wakatutazama, mama mmoja mwenye kuku akasimama kabisa. Sikujali. Nilikaa pale nikiwa na miaka hamsini na sita, na nilikuwa nafikiria jinsi nitakavyoiweka brashi ile dirishani. Nikakwambia ni hii hii, usitafute nyingine.

Ndipo ulipoikagua ile brashi, ukazigusa nywele zake kwa kidole, ukasema, "Lakini baba ana ngozi laini kuliko yako. Haitamkwaruza?"

Nilifungua macho. Povu lilikuwa limenijaa uso mzima.

Wewe hukuona kitu. Ulikuwa unaitazama brashi. Ukaendelea kunieleza kwamba ananyoanga kila asubuhi, hata akienda shambani, na kwamba ile yake ya zamani alipewa na shemeji yake na sasa imekwisha. Ulisema yote bila ubaya. Kwako ilikuwa imeshajulikana tangu mwanzo ni ya nani. Ni Hamisi aliyeelewa. Alinitazama mara moja, akageuka kupanga vitana ambavyo vilikuwa vimeshapangwa.

Nataka ujue nililosikia wakati ule. Sikusikia jambo la brashi. Nilisikia "baba" bila kitu chochote mbele wala nyuma yake. Hukusema baba wa Likuyani, wala Mzee Wafula, wala yule. Baba. Na mimi uliyekuwa umenishika kidevu nikawa wa kulinganishwa naye, ngozi ngumu kwa ngozi laini. Wala si laini kwa bahati. Ni laini kwa sababu hajawahi kubeba mfuko wa saruji uliopasuka shingoni. Nilimwonea wivu hata kwa hilo. Nilimwonea wivu kwa kila asubuhi aliyonyoa nawe ukiwa unapita na vyombo, ukizoea sauti ya wembe wake, mpaka ukajua shavu lake linataka nini.

Nikachukua ile nyeusi ya plastiki. Nikaivuta penye shina kama nilivyokuwa nimekufundisha. Nywele tatu zikabaki kiganjani. Nikafumba mkono.

Nikakwambia, "Kwa ngozi laini, chukua hii."

Uliniuliza mbona imekaza hivyo, nikakujibu kwamba ikiloa italegea. Ukaniuliza mara moja tu. Ukasema, "Sawa, wewe ndiye unajua." Ukalipa. Ukanifuta povu kwa leso yako, ukanishukuru kwa muda wangu, kama watu wanavyomshukuru fundi. Nikakusindikiza mpaka kwenye gari la Bukura na uso uliokauka sabuni, ndevu zangu za siku nne zikiwa pale pale.

Gari lilipoondoka nilirudi kwa Hamisi nikanunua ile ya farasi. Aliifunga kwenye gazeti, na aliponipa hakuiachia upesi. "Yule mtoto alikuamini," alisema. Nikamwambia ni mambo ya familia. Akasema ndiyo, ndiyo maana analisema.

Jumatatu kazini walitaka kukiona kitu nilichonunuliwa. Shikuku aliniandama tangu asubuhi. Nikaitoa. Nikawaambia binti yangu ameichagua mwenyewe baada ya kujaribu tatu. Ilipita mkono kwa mkono, wakausifu mpini wake, mmoja akasema watoto wake hata salamu hawamletei. Nilikuwa naona haya, lakini sikuikomesha sifa ile. Niliinywa yote.

Sijailowesha mpaka leo. Nimejaribu Jumapili mbili. Nimekaa na maji, nimekaa na sabuni, nikaishika, nikairudisha kwenye gazeti, nikanyoa na mkia wa panya.

Pengine ningenyamaza, Wakesho. Mtu huzoea kuishi na neno. Lakini wiki iliyopita uliniambia kwenye simu, ukicheka, kwamba ulipokuwa Likuyani umepeleka brashi, Mzee Wafula alikwenda kanisani na alama nyekundu shavuni, na mama yako alipomuuliza akasema ni mbu. Uliniambia unajua si mbu. Ulisema hataki tu ujisikie vibaya, na kwamba kila asubuhi anaipiga ile brashi ukutani nywele zimwagike nje kabla hujaziona. Wewe ulicheka. Mimi nilikaa chini.

Na siku mbili baadaye akanipigia. Hatujawahi kuongea, mimi na yeye, miaka yote hii. Nilidhani ni mtu wa kazi nikaitikia kwa haraka.

"Mzee Mtaita, ni Wafula wa Likuyani," alisema. "Nimepata ile brashi. Msichana wetu ameniambia ni wewe ulinichagulia, nikasema nisikae bila kushukuru."

Akaendelea mwenyewe, sauti ya mtu mpole anayeogopa kukosea, kwamba inamwaga nywele kidogo, lakini vitu vipya vinakuwanga hivyo kwanza, sindio? Nikamjibu ndiyo, vinakuwanga hivyo. Akanikaribisha kwake wakati wa mavuno, akasema kuku hakosekani. Akanitakia kazi njema.

Sijui kama utanielewa nikikwambia kwamba nilimchukia zaidi baada ya simu ile. Miaka yote nilitamani awe mlevi. Nilitamani usiku mmoja uniambie kwamba alikutukana, ili nije Likuyani nikiwa na haki yangu mkononi. Hakuniachia hata hilo. Alikulisha, akakulipia shule pale nilipokosa, akakufundisha kuwa na adabu kwa watu wa dini nyingine, na sasa anakwaruzwa shavu kila asubuhi na kuiita alama niliyomtia mimi ya mbu, ili wewe usihuzunike. Akasema "msichana wetu," akanigawia hata neno ambalo lilikuwa lake kulishika peke yake. Wivu wangu haukupungua kwa wema wake. Uliongezeka, maana sasa sioni ni wapi nitasimama.

Nisikudanganye kwamba umekwisha. Naandika hapa nikiwa na wivu bado. Nikifikiria kwamba siku ya arusi yako kuna mwanamume atakayekushika mkono, na kwamba huenda usione ugumu kuchagua, naikandamiza kalamu mpaka karatasi inatoboka. Lakini wivu ni wangu, na shavu ni la mtu mwingine, na aliyetumwa kulikwaruza ni wewe. Hilo ndilo nisiloweza kukaa nalo. Ulikuja kuniuliza kitu pekee ninachokijua vizuri duniani, nikakupa jibu la uongo, nawe ukalibeba mpaka Likuyani ukiwa na furaha.

Pamoja na barua hii utapata kifurushi cha gazeti. Ni ile ya farasi. Ni mpya, haijaguswa na maji. Haitamkwaruza, ailoweshe tu dakika moja kabla, apitishe sabuni shavuni, azungushe bila kubonyeza. Shikuku ataniuliza iko wapi, na nitamwambia ukweli, na watanicheka mpaka mvua ya jioni.

Kama utampa Mzee Wafula na kumwambia kila kitu, sawa. Kama utampa bila kumwambia, sawa. Kama utamsomea barua hii mama yako, atajua mahali pa kutingisha kichwa, na pia ni sawa. Hapo sikushauri, kwa sababu ushauri wangu umeshauona.

Jambo moja tu nakuomba. Ukimaliza kusoma, usinitumie ule ujumbe wako wa "hakuna shida baba." Shida ipo. Tangu utoke Lurambi hujawahi kunikasirikia, hata mara moja, hata nilipokosa kuja ulipolazwa hospitali Iguhu, hata siku ya kufunga shule ulipongoja langoni mpaka walimu wakaondoka. Kila mara umenisamehe upesi, kwa mikono miwili, kama mtu anavyomsamehe mgeni aliyevunja kikombe. Najua unamkasirikia Mzee Wafula. Ulishaniambia mlinuniana wiki nzima kwa ajili ya chuo, na ukanisimulia kama jambo la kuchekesha. Wiki nzima. Nililihesabu hilo pia katika vitu alivyo navyo.

Mara hii nikasirikie mimi. Njoo Kakamega unigombeze mbele ya Hamisi ukitaka, au kaa kimya mwezi mzima, nijue ni mimi umeninunia. Sitajitetea. Nitakaa hapa Lurambi na kungoja hasira yako, na ikifika nitajua imetumwa kwa mtu wake.

Kwaheri kwa sasa, mwanangu. Soma kwa bidii, na usitembee kwenye umande bila viatu.

Ni mimi,
baba yako.